Kusanyiko Lililonyamaza

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu uimbaji katika ibada, na kabla sijasema lolote naomba unifanyie jambo moja. Jumapili ijayo, wimbo wa pili au wa tatu ukishaanza, geuka kidogo uwatazame watu waliosimama kushoto na kulia kwako. Iache kwaya, mwache na kiongozi wa sifa mwenye maiki. Watazame watu wa kwenye mabenchi, uangalie midomo yao. Kinamama wa safu za mbele huenda wanaimba. Vijana wawili watatu wameinua simu, wanarekodi. Wanaume wa makamo wanaopenda kukaa karibu na mlango wamekunja mikono kifuani na midomo wameifumba. Lakini muziki umejaa kanisa zima, mabati yanatetemeka, na mpita njia aliye barabarani angeapa kwamba humo ndani waumini wote wanaimba kwa nguvu. Ukihesabu utakuta wanaoimba kwa nguvu ni wanane, nao ndio wenye maiki.

Tumezoea kubishana sana juu ya muziki wa kanisani. Ngoma ziingie au zisiingie, gitaa la umeme lafaa au halifai, wazee wanataka nyimbo za kitabuni, vijana wanataka mapambio. Nimeona mabaraza ya wazee yakikesha kwa ajili ya seti moja ya dramu. Siudharau ubishi huo, maana watu hubishania kitu wanachokipenda. Ila kwa maoni yangu kuna swali linalopaswa kutangulia: je, kusanyiko linaimba? Na kama linaimba, linajua linachosema? Hayo mengine tuyajadili tukishalijibu hilo.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alitaka uimbaji uwe wa roho na wa akili kwa pamoja, akamkumbuka hata yule aliyekuja kanisani bila kujua mambo, kwamba naye aelewe kinachosemwa ili aweze kuitikia Amina. Kwa Wakolosai alikwenda mbali zaidi, akawaagiza wafundishane na kuonyana kwa zaburi na tenzi. Kufundishana kunahitaji vinywa vingi. Jirani yangu aliyefiwa wiki iliyopita ananisikia nikiimba juu ya ufufuo, nami nimetoka kugombana nyumbani namsikia yeye akiimba juu ya msamaha. Hilo halifanyiki nikiwa nimenyamaza na yeye amenyamaza, tumeachia watu wanane watuimbie wote wawili.

Wakristo wa mwanzo waliliona jambo hili kuwa zito, na mmoja aliyelitafakari kwa uchungu alikuwa Mwafrika: Agostino, askofu wa Hippo, mji ambao leo uko Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo anaeleza jinsi nyimbo za kanisa zilivyomliza machozi siku za kuongoka kwake, na jinsi baadaye alivyoanza kujihofia. Kuna nyakati aligundua kwamba kilichomgusa ni uzuri wa sauti kuliko yale yaliyokuwa yakiimbwa, na hilo akalihesabu kuwa kosa. Akawaza kama haingekuwa salama zaidi kufuata desturi aliyosikia ikisimuliwa juu ya Athanasio wa Alexandria, aliyemtaka msomaji wa zaburi apandishe na kushusha sauti kidogo tu, karibu na mtu anayesema. Hata hivyo Agostino hakuzipiga marufuku nyimbo. Aliona mtu dhaifu huinuliwa na wimbo, akaacha uimbaji uendelee, lakini akabaki na ule mzani wake moyoni. Napenda sana hali hiyo ya kupenda muziki kwa moyo wote na bado kuuchunguza. Sisi siku hizi wengi wetu tuna moja tu kati ya hayo mawili: ama tunaupenda bila kuuchunguza, ama tunauchunguza kwa sababu hatuupendi.

Sasa twende kwenye ngoma, maana najua kuna msikilizaji anayesubiri nifike hapo. Watu husema wamisionari walikataza ngoma kwa sababu zilikuwa za Kiafrika. Ukweli wa hilo upo, na ni wa aibu. Lakini kuna jambo ambalo husahauliwa. Mwaka 1903 Papa Pius wa 10 alitoa agizo juu ya muziki mtakatifu, na ndani yake alikataza ngoma na matoazi kanisani, na katika sentensi hiyo hiyo akakataza piano. Piano! Mtu wa leo anayeona piano kuwa chombo cha heshima na ngoma kuwa chombo cha vurugu angeshangaa kuvikuta vimefungiwa chumba kimoja. Kilichomsumbua Papa ni michezo ya opera ya huko kwao Italia, iliyokuwa imeingia mpaka altareni, waimbaji wakijionyesha na watu wakikaa kama watazamaji. Agizo lake lilipofika kwetu halikukuta opera, lilikuta ngoma za mavuno, za harusi na za jando, nazo zikahukumiwa kwa kesi ya watu wengine.

Mlango ulifunguliwa tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa waraka wake juu ya liturujia. Waraka huo ulitambua kwamba watu wa nchi za misioni wana muziki wao, ambao ni sehemu ya dini na maisha yao, na kwamba upewe heshima yake na nafasi inayostahili. Mwaka huo huo padri wa Tanganyika, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akiyapitia maagizo ya Roma moja baada ya jingine na kuyapima kwa muziki wa kwetu. Alikuwa msomi na pia mtunzi, na kazi hiyo aliifanya kabla wengi hawajaamini kwamba inawezekana. Na kule Kamina, Katanga, ambako Kiswahili kinazungumzwa hadi leo, padri Mfransisko Guido Haazen na waimbaji wake Wakongo walikuwa wameshaimba Missa Luba mwaka 1958: maneno ya Kilatini, lakini mwendo na mapigo ni ya kwao, na sehemu kubwa waimbaji waliitunga wakiwa wanaimba. Miaka 30 baadaye, mwaka 1988, Roma ikaidhinisha Misale ya majimbo ya Zaire, ambamo kuimba na kucheza kumo katika ibada yenyewe.

Tuliusherehekea uhuru huo, na ilikuwa haki yetu. Ila waraka ule wa 1963 ulikuwa na upande wa pili. Ulisema kwaya zikuzwe kwa bidii, na hapo hapo ukawataka maaskofu na wachungaji wahakikishe kwamba katika kila ibada inayoimbwa waumini wote wanashiriki sehemu iliyo yao. Tukaushika upande wa kwanza kwa mikono miwili. Kwaya zimekuzwa kweli kweli, zina sare, zina jina, zina video, zina safari. Upande wa pili tumeuacha mezani.

Kwa Walutheri, Waanglikana na Wamoraviani tatizo lilianza kwingine, katika kitabu cha nyimbo. Naomba hapa nikae kidogo, maana jambo hili ni la ufundi na halizungumzwi vya kutosha.

Kiswahili kina kanuni ya mkazo ambayo kila mtoto anaijua bila kufundishwa: nguvu ya neno iko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema MU-ngu, tunasema i-MA-ni, tunasema u-PE-ndo. Silabi ya mwisho ni nyepesi, inashuka. Sasa chukua tuni ya Kijerumani au ya Kiingereza. Lugha hizo zina maneno mengi ya silabi moja, kwa hiyo msitari wa wimbo huanza kwa nota dhaifu na mara nyingi huishia kwenye nota nzito iliyovutwa. Mtafsiri akiweka Kiswahili juu ya tuni kama hiyo, silabi nyepesi ya mwisho ndiyo inayopewa mzigo. Tunajikuta tunaimba mu-NGUU, i-ma-NII. Jaribu kumwita mtoto wako hivyo, ukipeleka nguvu kwenye silabi ya mwisho ya jina lake, uone atakavyokutazama. Katika lugha za kwetu zenye toni hali ni mbaya zaidi, kwa sababu tuni ikipanda mahali ambapo neno linashuka, neno laweza kugeuka likawa jingine.

Martin Luther mwenyewe aliliona hilo kwa lugha yake. Mwaka 1525 aliandika kwamba katika wimbo maneno na nota, mkazo na mwendo wa sauti, vyote vitoke katika lugha ya mama, kinyume cha hapo ni kuiga kama nyani. Alikuwa anazungumzia maneno ya Kijerumani yaliyobandikwa juu ya tuni za Kilatini. Wafuasi wake walipofika kwetu wakabandika Kiswahili juu ya tuni za Kijerumani, na nadhani wengi wao hawakuwa na namna nyingine. Walikuwa na haraka, na Kiswahili chenyewe wengine walijifunzia ukubwani.

Sisemi tuzitupe nyimbo hizo. Bibi zetu wamezeeka nazo, wamewazika nazo waume na watoto, wanazijua beti zote bila kufungua kitabu. Wimbo ulioimbwa hivyo kwa vizazi vitatu umeshakuwa wetu, na koo za watu wetu zimeurekebisha zenyewe. Sikiliza kusanyiko la kijijini likiimba bila kinanda: wanavuta hapa, wanakatiza pale, wanaongeza sauti ya tatu isiyoandikwa popote, mpaka mkazo unakaribia kurudi mahali pake. Na nyimbo hizo zina kitu ambacho mapambio mengi hayana. Zina mpangilio. Ubeti wa kwanza unaweka jambo, wa pili unalieleza, wa tatu unaleta kifo, wa nne unaleta tumaini. Ndiyo maana huwa naumia nikisikia mwendesha ibada akitangaza, "Tutaimba ubeti wa kwanza na wa mwisho." Aliyekuja na mzigo wake, na dawa yake iko ubeti wa tatu, anaondoka nao.

Lakini angalia kilichotokea mtu wa kwetu alipoanza upya kutoka chini. Katika miaka ya 1960 pale Chuo cha Theolojia cha Makumira, karibu na Arusha, mwalimu Mmarekani Howard Olson aliwahimiza wanafunzi walete tuni za makwao na kuziwekea maneno ya Injili. Mwanafunzi mmoja, Bernard Kyamanywa, alichukua tuni ya Kihaya na mwaka 1966 akaandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya. Umejengwa kama ngoma ya kwetu: mmoja anatoa habari, wote wanaitikia. Beti zinasimulia asubuhi ya kaburi tupu hatua kwa hatua, na kiitikio ni chepesi kiasi kwamba anayekisikia mara ya kwanza anakiweza mara ya pili. Asiyejua kusoma anaimba. Mtoto anaimba. Mgeni anaimba. Mwaka 1969 ukapata maneno ya Kijerumani, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Wainjili wa Ujerumani, namba 116. Wazungu waliotuletea tuni zao kila Pasaka wanaimba tuni ya Buhaya, na hakuna aliyewalazimisha. Wameipenda kwa sababu inampa kila mtu kitu cha kuimba.

Najiuliza kwa nini njia hiyo tumeiacha nusu. Tuna hazina ambayo haijaguswa. Mathias Mnyampala, yule Mgogo mshairi ambaye wengi tunamkumbuka kwa ngonjera, aliichukua Injili nzima akaiweka katika utenzi, kisha akafanya hivyo kwa Zaburi. Utenzi una mizani minane kila msitari, vina vyake vinajulikana, na watu wa pwani wamekuwa wakiughani kwa karne nyingi. Hapo mkazo wa Kiswahili hauhitaji kurekebishwa, umekaa ulipozaliwa. Mwalimu wa kwaya anayetafuta maneno kwa ajili ya Kwaresima angeweza kuanzia hapo.

Basi kusanyiko lilinyamazishwa na nini? Sioni adui mmoja wa kumnyooshea kidole. Mambo yaliingia moja moja, na kila moja lilikuwa jema.

Kwanza ilikuja kwaya yenyewe, pamoja na nota za do re mi. Mfumo huo ulienezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakaupenda kwa sababu nota zake ni herufi za kawaida, zinaandikwa kwa chaki au kwa taipureta. Mpaka leo ukienda mazoezi ya kwaya siku ya Alhamisi jioni utaukuta. Mwalimu amekuja moja kwa moja kutoka kazini, shati limeshikwa na jasho. Ubao umefutwa vibaya, hesabu za watoto wa shule ya awali bado zinaonekana chini ya "s : l : s : m". Sauti ya kwanza inakaa upande wa dirisha, ya nne inakaa nyuma na huchelewa. Anawaimbisha herufi kwanza, mara tatu au nne, kisha ndiyo anaruhusu maneno. Akisikia sauti ya pili imetoroka kwenda kwa ya kwanza, anainua mkono, wote wananyamaza, anawaambia, "Kinamama, rudini kwenu." Hakuna anayemlipa. Mimi nawaheshimu sana watu hao, na bila wao nusu ya muziki wa nchi hii usingekuwepo. Hata wimbo wetu wa Taifa tuni yake imetoka mikononi mwa mtu kama huyo: Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misioni kule Afrika Kusini, aliyeitunga mwaka 1897 ili iimbwe kanisani na shuleni.

Kisha zikaja redio na kaseti. Studio za redio zilirekodi kwaya, kaseti zikasambaa kwenye mabasi na masoko, na wimbo wa usharika mmoja ukavuka mikoa. Wakimbizi wa Burundi waliokuwa Ulyankulu, Tabora, walijulikana nchi nzima kwa kwaya yao ya Barabara ya 13. Jambo jema sana. Lakini mtunzi akishaanza kufikiria kaseti, wimbo unabadilika umbo. Anatunga wimbo wa kusikilizwa. Maneno yanakuwa mengi, hadithi inakuwa ndefu, kiitikio kinakuja kwa mtindo ambao waimbaji wenyewe wamefanya mazoezi miezi miwili kuuweza. Wimbo huo ukiletwa ibadani, waumini wana kazi moja tu, kusikiliza na kupiga makofi mwishoni. Na kwaya zikiwa nne, kila moja ikipewa nyimbo mbili, ule wimbo wa kitabuni ambao ungekuwa wa wote ndio unaokatwa ili muda utoshe.

Halafu zikaja spika na kinanda cha umeme. Hapa naomba wapiga kinanda mnisikilize kwa upendo. Mtu ambaye hajafundishwa kuimba anaweza sauti nane, kutoka do ya chini hadi do ya juu, na pengine mbili tatu zaidi. Ukimpeleka juu ya hapo, atashuka chini kabisa ambako hasikiki, au atanyamaza. Wanaume hunyamaza kwanza. Kiongozi wa sifa mara nyingi ni kijana mwenye sauti nyembamba nzuri, naye huchagua ufunguo unaomfaa yeye. Wimbo ukichangamka, mpiga kinanda anabonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo, unapanda nusu sauti. Anabonyeza tena. Jukwaani wanaona moto umewaka, kumbe kila akibonyeza mabenchi mawili yanazimika. Simlaumu, hakuna aliyemwambia. Lakini yeyote anaweza kujaribu: shusha wimbo huo huo sauti tatu, uone wale wanaume wa karibu na mlango watakavyoanza kufungua midomo.

Na sauti ya spika ina lake. Mtu huimba akisikia wenzake. Akisikia sauti ya jirani, na sauti yake mwenyewe ikichanganyika na hiyo, anapata ujasiri. Spika ikiwa kubwa kiasi kwamba hasikii jirani wala nafsi yake, hana sababu ya kuendelea, kwa sababu aimbe asiimbe hakuna kinachobadilika. Chini ya bati na juu ya sakafu ya vigae, sauti hurudi mara mbili mbili mpaka maneno hayasikiki. Ndiyo maana natamani kila kanisa liwe na angalau wimbo mmoja kila Jumapili ambao vyombo vyote vinazimwa. Hata biti ya kinanda izimwe. Iwe ni koo za watu tu, na ngoma moja ikihitajika. Mwanzoni itakuwa aibu, kusanyiko litajisikia lilivyo dhaifu. Wiki ya tatu au ya nne watu watakuwa wameanza kusaidiana.

Sasa maneno. Mapambio nayapenda. Yanamwezesha mtu kufumba macho bila kutafuta ukurasa, na kurudia rudia si dosari, Zaburi ya 136 inarudia kiitikio kile kile katika aya zake zote 26. Ninachoomba ni kwamba tuyasome maneno kabla ya kuyaimba, tena kwa sauti ya kawaida, bila muziki. Ukiyasoma hivyo utashangaa jinsi mengi yanavyosema juu yangu mimi: nimeinuliwa, adui zangu wameaibika, mlango wangu umefunguka. Ni kweli Biblia inasema hayo. Lakini inasema pia mengine. Zaburi nyingi ni za maombolezo, za mtu anayeuliza hadi lini, na tunaposhika furaha tupu kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, tunamwacha nje mama ambaye mtoto wake bado yuko wodini. Amekuja kwa Mungu na machozi, na hakuna wimbo hata mmoja uliompa mahali pa kuyaweka. Analazimika ajifanye. Nabii Amosi aliwahi kuleta ujumbe kwamba Mungu hataki kelele za nyimbo za watu ambao haki haimo kati yao. Mtayarishaji wa nyimbo aliyeisoma aya hiyo kabla ya kikao cha kupanga nyimbo hataweza tena kuchagua kwa kuangalia tu ni wimbo gani utawachangamsha watu.

Kuna mahali ambapo uimbaji wa wote haujafa, nako ni msibani. Nenda kwenye mkesha. Saa saba za usiku, chini ya turubai, kinamama wa fungu au wa jumuiya wamekaa kwenye mikeka, mmoja anaanzisha, wengine wanadaka. Hakuna aliyetangaza namba. Anayeanzisha amechagua ufunguo wa chini kwa sababu wamechoka, na wanaume walio nje kwenye moto wanaitikia besi bila kuinuka kwenye viti. Mtu akisahau ubeti, jirani analeta neno la kwanza. Mkatoliki anaimba wimbo wa Walutheri na Mlutheri anaimba wa Wasabato. Watu wale wale walionyamaza Jumapili ndio hawa wanaoimba, kwa hiyo tusijidanganye kwamba watu wetu hawajui au hawapendi. Wanajua. Jumapili tumewanyang'anya nafasi.

Nawasihi mapadri, wachungaji, makatekista na wainjilisti: wapeni walimu wa kwaya dakika kumi kabla ya ibada wawafundishe watu wote, kusanyiko zima, wimbo mmoja. Walimu hao wasimame pale mbele wakiwaelekea waumini, wawasomee maneno, wawaimbishe msitari kwa msitari. Wimbo ule ule urudiwe Jumapili nne mfululizo, hata kwaya ikilalamika kwamba umeshachosha. Kwa kwaya umechosha. Kwa mzee anayeona herufi kwa shida ndiyo kwanza umeingia kichwani. Na kwaya nayo isinyimwe nafasi yake ya kuimba kitu kigumu na kizuri, kama zawadi ya matoleo au tafakari baada ya komunyo. Kusikiliza kwa makini nako ni kusali. Baada ya wimbo wa namna hiyo acheni kimya kidogo, msikimbilie matangazo.

Neno langu la mwisho ni kwa kamati za fedha. Nimeona harambee za kununulia mitambo zikifanikiwa kwa siku moja. Bahasha zinapita, wafanyabiashara wanaahidi, jioni mikisa na spika zimepata fedha. Sijawahi kuona harambee ya kumsomesha mwalimu wa kwaya. Kanisa la Mtakatifu Thomas kule Leipzig lilikuwa na Johann Sebastian Bach kwa miaka 27 kwa sababu kuongoza muziki ilikuwa kazi yenye mshahara na nyumba. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kinafundisha muziki, na Ruhija, mkoani Kagera, imewahi kuwatoa walimu wa muziki wa kanisa wanaokumbukwa hadi leo. Usharika au parokia inayoweza kununua spika mbili kubwa inaweza kumlipia kijana mmoja ada, kijana yule yule anayekuja Alhamisi na shati la kazini, akajifunze kuweka wimbo kwenye ufunguo wa watu, kusikia mkazo wa Kiswahili, kukusanya tuni za bibi zake kabla hawajaondoka nazo, na akirudi apewe posho ya kuishi. Wekeni jambo hilo kwenye ajenda ya kikao kijacho, na mlipatie kifungu chake kwenye bajeti.